Raba za breki kwenye samli: kisa cha Garissa kwa mnaoagiza magari ya zamani na spea zake

Wakuu, assalaam aleikum. Na wale ambao salaam hiyo si yenu, hamjambo.

Mimi ni mama mzee wa Garissa, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, mnivumilie. Shule niliacha darasa la tatu. Nimesoma nyuzi zenu za kuagiza magari ya zamani kutoka ng'ambo, nikaona huyu anauliza ushuru, yule anauliza rangi, mwingine anauliza kama injini inawaka. Breki hakuna aliyeuliza.

Nikasema acha niseme langu. Nilichokiona nitasema nilikiona. Nilichoambiwa nitasema niliambiwa. Nikiwa na shaka nitaiweka hapohapo.

Sababu ni mjukuu wangu. Amepata lori la zamani huko ng'ambo, lile la bonneti ndefu, sawa na alilokuwa nalo babu yake. Anataka alilete na sanduku zima la spea. Muuzaji kamwandikia kwamba spea ni mpya, hazijafunguliwa tangu miaka ya sitini. Kijana amefurahi kama bwana harusi.

Mimi nilikosa raha siku nzima. Miaka hiyo ya sitini mimi ndiye niliyeharibu spea mpya ambazo hazijafunguliwa, na watu wawili wema wakaumia kwa ajili yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta.

Kwa mlio wadogo: baada ya uhuru walikuwepo watu wetu waliotaka upande huu ujiunge na Somalia, wakaingia porini na bunduki; ndio walioitwa shifta. Serikali ikaleta jeshi. Katikati tulibaki sisi wengine na mifugo. Sitaki siasa hapa. Niliona mabaya ya huku na ya kule, na nilishapewa maji ya kunywa na pande zote mbili. Hilo pia ni kweli.

Mume wangu Dubow, Mungu amrehemu, alikuwa na lori. Alibeba mahindi na sukari kutoka Garissa hadi Kotile, akapita mpaka Hulugho, kwa watu waliokusanywa vijijini wasiweze tena kuchunga mbali. Lori halikuruhusiwa kwenda peke yake. Malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Lako likisimama porini bila sababu, askari walikuwa na swali moja tu: umemsimamia nani?

Fundi wake alikuwa Mutiso, Mkamba, alikuja Garissa kabla ya vita na hakuondoka vita vilipoanza. Alikaa peke yake karibu na soko. Dubow na Mutiso walikuwa wakitukana kutwa nzima kama ndugu.

"Lori lako ni ngamia mzee, Dubow. Uza nyama."

"Na wewe ni daktari wa ngamia, sasa unalia nini?"

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa, raba. Ndani ya breki za magari yale kuna silinda ndogo kila gurudumu, na ndani ya silinda kuna raba kama vikombe vidogo. Ukikanyaga breki, brake fluid inazisukuma raba, nazo zinasukuma breki. Raba zikiisha huna breki. Za Dubow zilikuwa zimeisha, kila siku zinavuja.

Duka moja Nairobi likamwagizia ng'ambo kwa barua. Zikaja kwa meli mpaka Mombasa, zikakaa, zikafika kwetu baada ya miezi. Kumi na mbili, ndani ya pakiti, na karatasi ya Kizungu. Dubow alikuwa bado anangoja nafasi ya kulisimamisha lori, akanipa mimi.

"Habiba, zitunze kama macho yako. Zikipotea hizi, lori linakuwa nyumba ya kuku."

Hakuniambia zitunzwe vipi. Namsema kwa haki tu, simlaumu.

Wakuu, mnalijua joto la Garissa? Kiatu ukikiacha nje wiki moja kinapasuka. Ngozi inakuwa kama ubao. Nikazitazama zile raba, laini, nyeusi, nikaziona kama masikio ya mwana-mbuzi. Nikasema hizi jua litazimaliza hata ndani ya nyumba ya mikeka.

Kwetu kitu unachotaka kidumu unakipaka mafuta. Kamba ya ngozi, chombo cha maziwa, vyote. Nyama tunaikata vipande vidogo, tunaikausha, tunaikaanga, tunaizamisha ndani ya samli na kufunga mfuniko. Ndiyo nyirinyiri. Inakaa miezi na haiozi. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na wake.

Nikazizamisha raba kwenye samli.

Na haikuwa samli ya hivi hivi. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ya kwanza, na mama alinipa chombo kimoja cha samli ya uzazi, ile anayolishwa mwanamke akishajifungua. Samli ilikuwa adimu mno wakati ule, ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda. Nilitoa sehemu ya samli ile kwa ajili ya lori la mume wangu. Niliona ni mapenzi. Mpaka leo naona yalikuwa mapenzi. Lakini mapenzi hayajui kazi ya breki.

Ile karatasi ya Kizungu niliitazama. Ilikuwa na picha ya kopo la mafuta limekatwa kwa alama ya X. Nikajiambia hayo ni mafuta meusi ya injini, nani atatia mafuta meusi? Nikaikunja. Sikumwuliza mtu. Dubow nilimficha, maana angegomba kwamba nimemnyima mtoto samli yake.

Siku ya kufunga, nilizitoa kumi, nikazifuta kwa kitambaa mpaka zikang'aa, nikampelekea Mutiso kwenye kivuli cha lori. Mbili nilizibakiza akiba.

(Hapa niseme jambo nililoambiwa na mjukuu mwaka huu. Mutiso alikuwa akifungua ngoma ya breki anapuliza vumbi kwa mdomo, fuuu, linamrudia usoni, anacheka. Wote walifanya hivyo. Sasa mjukuu ananiambia lining za zamani, zile bitana za ndani ya ngoma, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linakaa kwenye mapafu. Mutiso uzeeni alikohoa sana. Alivuta sigara pia, kwa hiyo sijui ni kipi, na sitasema nisichokijua. Lakini nyinyi msipulize. Na mkiagiza lining au gasketi za zamani, ulizeni kwa maandishi kama zina asbesto, na jibu likiwa "sijui" hesabuni ni ndiyo.)

Mutiso akashika raba moja, akaibonyeza.

"Mama, hizi zimenenepa. Zimekaa wapi?"

"Pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Nyumbani. Hazijaona jua hata siku moja."

"Basi zimekaa vizuri kuliko mimi."

Tukacheka. Zikamsumbua kuingia. Alitaka kungoja siku moja azitazame tena, lakini msafara ulikuwa unaondoka asubuhi yake na Dubow hakuwa na subira.

"Sukuma tu, bwana. Kitu kipya lazima kibane."

Akasukuma. Naye angeweza kukataa, alinikiri hivyo baadaye. Ukigawa kosa kwa haki, kipande chake kipo, na cha Dubow kipo. Kikubwa ni changu, kwa sababu niliulizwa nikaficha.

Wakaondoka.

Siku ya pili dereva mwingine alirudishwa kutoka Kotile na wagonjwa, akatuletea habari. Breki za Dubow zilishika zenyewe. Akikanyaga mara tatu nne haziachi tena, magurudumu yanatoa moshi. Anashuka, anafungua nati ndogo, anamwaga brake fluid kidogo, lori linaachia, anakwenda, linashika tena. Mara tatu msafara mzima ulisimama kumngoja, na Mungu akataka mara zote tatu iwe penye kichaka kizito.

Mara ya tatu mkuu wa msafara akasema huyu ana miadi na shifta. Nami ningekuwa yeye pengine ningesema hivyo. Lori likavutwa hadi Kotile. Dubow akafungiwa kambini, na msafara ukirudi kutoka Hulugho achukuliwe apelekwe mbali. Waliopelekwa mbali wakati ule hatukujua tungewaona lini.

Niliingia ndani nikafungua samli. Nikatoa raba moja kati ya zile mbili. Ilikuwa imevimba kama andazi. Nilipoibonyeza, alama ya kidole ilibaki.

Hapo nilijua, wakuu. Sikuhitaji fundi.

Nikairudisha, nikafunga mfuniko, nikanyamaza.

Huku nje Adeer Gabow, baba mdogo wa Dubow, aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: nani aligusa breki? Jibu lilikuwa moja. Mtu wa bara. Mkristo. Ndugu wa hao askari. Wakasema amelitega lori ili mtu wetu aonekane shifta. Adeer na wanaume watatu wakaenda kwa Mutiso, wakamnyang'anya sanduku la spana, wakamwambia Ijumaa isimkute Garissa.

Adeer hakuwa mtu mbaya. Mwezi ule alipoteza ngamia kwa askari, na mwezi uliotangulia shifta walimlazimisha atoe chakula. Mtu akipigwa pande zote anatafuta aliye karibu.

Mimi nilisikia yote nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Kutwa nzima sikusema neno. Nilijiambia nitasema Dubow akirudi. Nilijiambia mwanamke mwenye mimba hasimami mbele ya wazee. Nilijiambia mengi. Hiyo siku moja ndiyo inayonisumbua kuliko raba zenyewe.

Asubuhi yake Mutiso alikuja mlangoni, na kifurushi chake begani. Hakuingia.

"Mama, mimi naenda. Dubow akirudi mwambie silinda nilizisafisha vizuri, nilizitazama moja moja. Sijui nilikosea wapi. Mwambie anisamehe."

Anisamehe! Yeye!

Nikasema, "Ngoja." Nikaleta chombo cha samli, nikakiweka miguuni pake, nikafungua.

Akatazama. Akaingiza vidole, akatoa raba, akainusa. Akanitazama mimi. Akainusa tena.

"Mama," akasema polepole, "hii raba inanukia sikukuu."

Nikaanza kulia. Yeye akakaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu hayakuwa tena ya kucheka. Akafuta uso kwa mkono wenye samli.

"Mimi sikulala," akasema. "Nilidhani nimemuua rafiki yangu."

"Nisamehe."

"Ulizifanya kama nyama?"

"Kama nyama."

"Na nyama yenyewe haipati samli nyingi hivi siku hizi." Akasimama. "Haya, twende kabla hujabadili mawazo."

Tukaenda kwa Adeer Gabow. Alikuwa na wanaume barazani, na sanduku la spana liko pembeni. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, kwamba breki nimeziharibu mimi. Nikaeleza chombo, samli, kitambaa, na kwamba Mutiso aliniuliza nikamficha. Mutiso alikuwa na raba kuukuu moja aliyoitoa kwenye lori lilelile. Akaziweka mbili kwenye kiganja, kuukuu na mpya. Mpya ilikuwa imevimba kiasi kwamba hata asiyejua gari angeona haiwezi kutembea ndani ya silinda iliyotoka ile kuukuu.

Wakazipokezana mkono kwa mkono.

Mmoja akasema, "Wanawake watatumaliza kabla ya jeshi."

Adeer hakucheka. Aliniuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana, Adeer."

"Jana nilikuwa nyumbani kwa huyu mtu, nimebeba fimbo."

"Najua."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na nilitamani angegomba. Aliinua lile sanduku yeye mwenyewe, mzee wa watu, akambebea Mutiso mpaka mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Fundi. Hii sbana yako. Sisi tulikosa."

Mutiso akapokea kwa mikono miwili. "Yamekwisha, mzee."

Halafu sisi watatu tukaenda kambi ya Garissa: mzee wa Kisomali, fundi Mkamba, na mwanamke mwenye mimba aliyebeba chombo cha samli. Getini walitupekua. Chombo walikichungulia mara mbili.

Mkubwa wa pale alikuwa mtu wa bara, amechoka, macho mekundu. Mutiso alimweleza. Yule bwana akaishika ile raba, akaibonyeza kama nilivyoibonyeza mimi.

"Kila siku napelekewa maneno ya bunduki," akasema. "Leo naletewa samli."

Akaniuliza mimi mwenyewe, kwa heshima, nirudie. Nikarudia. Akasema angeweza kunidhania naficha uongo wa mume, lakini uongo hauvimbi namna hii. Akaenda kwenye redio akaongea na Kotile. Sikusikia aliyosema. Alirudi akasema Dubow atakaa hapohapo Kotile, hatapelekwa popote, lakini fundi aende akafungue silinda mbele ya askari. Wakikuta ni kweli, aachiwe.

Mutiso angeweza kukataa. Njia ile ilikuwa inaliwa na risasi, na sisi ndio tuliomfukuza jana yake. Alipanda gari la askari siku hiyohiyo, na zile raba kuukuu zote alizozitoa kwenye lori ziko mfukoni.

Walikuta ni kweli. Aliniambia raba zilikuwa zimekwama ndani ya silinda, akazichokoa kwa bisibisi. Akarudisha zile kuukuu zinazovuja, akaosha kila bomba, na wakarudi Garissa na msafara polepole, Mutiso kila kituo akiongeza brake fluid, Dubow akimtukana kwamba anamwaga kama mtu anayemwagilia shamba la wenyewe.

Njiani alimwambia yote. Niliomba aseme yeye kwa sababu mimi sikuweza.

Dubow aliingia nyumbani alasiri, amekonda, ndevu zimejaa vumbi. Nilimpa maji. Nikamwekea chakula. Sikuinua macho. Alikula kidogo, akasimama, akasema,

"Habiba, samli iko?"

Nikamsogezea chombo.

"Tia kidogo hapa. Usimalize. Breki za nyuma nazo hazijala."

Halafu akanivuta kichwa akakiweka begani pake, kitu ambacho wanaume wetu hawafanyi mchana, na nilimsikia anatetemeka. Ni hapo nilipojua jinsi alivyoogopa huko Kotile. Akaniuliza mtoto anacheza? Nikasema anacheza.

Wiki ile alileta daftari. Akasema kwa kuwa mimi najua kuandika na yeye hajui, kila spea itakayoingia kwenye lori niiandike: imetoka wapi, imefika lini, ilitunzwa ndani ya nini, nani ameifunga. Na karatasi ya Kizungu ikija, isikunjwe mpaka ipatikane mtu wa kuisoma. Nimeandika madaftari tangu siku hiyo, kwanza ya lori, halafu ya maisha. Sijui kama yana faida.

Basi wakuu, nilichojifunza.

Raba ya zamani, hata kama pakiti haijafunguliwa, imezeeka ndani ya pakiti. Nimemwambia mjukuu zile za kwenye sanduku aziweke kabatini za kutazama, na kwenye breki atie mpya kabisa, zilizotengenezwa juzi, zinazoelewana na brake fluid atakayotumia. Asipake mafuta yoyote ya jikoni, ya injini, wala grisi ya kawaida. Mipira ya breki, mabomba, na matairi hata yenye meno mazuri, atazame umri kwanza, sura baadaye. Lori likifika bandarini asiliendeshe kwa furaha hadi Garissa. Lipande juu ya lori jingine, lifunguliwe breki zote nne na fundi anayejua, ndipo liguse barabara.

Kuhusu sheria za kuingiza magari ya zamani nchini mimi sijui, na zinabadilika. Aulize wenye kazi yao kabla hajalipa, si baada.

Na fundi akikuuliza swali, mjibu lote. Hata kama ni aibu. Hata kama ni samli ya uzazi. Mimi nilikaa siku moja tu na jibu langu, na siku hiyo moja mzee mwema alimwinulia fimbo mtu mwema. Wao walisameheana kabla ya jua la pili kuzama. Mimi bado najiuliza, kama Mutiso asingepita kuniaga, ningesema?

Ningependa kuandika kwamba ningesema. Sina hakika.

Mafundi mlio humu, nisahihisheni penye makosa ya ufundi, sitakasirika. Na kama yuko aliyewahi kunyamaza mwingine akabeba lawama, aandike hapa chini. Nitasoma zote, polepole, kwa kidole changu kimoja.